Neno Likikatwa Vipande

Mtoto wa Ngarambe, huko Rufiji, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka Kiingereza, na kitabu cha biolojia kinamtolea "photosynthesis". Wengi hulikariri zima zima. Kumbe lina "photo", yaani mwanga, na "synthesis", kuunganisha. Vipande vyote viwili asili yake ni Kigiriki. Mmea huunda chakula chake kwa mwanga, basi.

Vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, wanaisimu huviita mofimu. Mtoto huyo anavitumia tangu alipoanza kusema. Akisema "hawajalima" ameshaunga vitano: ha- ya kukanusha, wa- ya watenda, -ja- ya hali, -lim- ambao ndio mzizi, na -a ya mwisho.

Kiingereza hupenda kutawanya kazi hiyo kwenye maneno kadhaa, lakini nacho hubandika. Chukua "unprotected": "protect" ni kulinda, "un" inakanusha, "ed" inaonyesha hali ya kutendewa.

Mitego ipo. Kipande "er" mara nyingi humtaja mtenda: "farmer" ni mkulima na "teacher" ni mwalimu, ila "river" si mtu afanyaye chochote. Ni mto tu, kama Rufiji wenyewe. Kiswahili nacho kina hila hiyohiyo: mwenye kulima ni mkulima, wala si "mlima".