Usaili wa Vijana wa Iraki: Fidla Mbele ya Mashine ya Picha

Kila askari aliyepata kusimama katika foleni ya kuandikishwa anaikumbuka siku ile. Analikumbuka jua, vumbi la uwanja, daktari na mizani yake, na ofisa mwenye daftari ambaye kwa neno moja aliweza kumrudisha mtu kwao. Alitazamwa kifua, meno na nyayo, akakimbizwa, kisha akaambiwa asimame upande huu au upande ule. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za usaili wa namna nyingine, ambao waliotahiniwa hawakukutana na mtahini wao, naye hakuwaona ila katika picha. Ulifanywa hivyo kwa sababu nchi yao ilikuwa vitani, na safari moja zaidi ya barabara ingeweza kumgharimu kijana roho yake.

Kwanza tueleze okestra ni nini, maana wengi wetu tumezoea bendi ya gwaride. Bendi hiyo twaijua vyema: matarumbeta, zumari, ngoma kubwa na ndogo. Babu zetu askari ndio walioieneza mithili yake kwa jina la beni, kutoka miji ya pwani mpaka bara, hasa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 na baada yake. Okestra nayo ina matarumbeta na ngoma, lakini uti wa mgongo wake ni vyombo vya nyuzi: fidla kwa makumi, fidla za sauti nene, selo, na mabesi makubwa yanayopigwa kwa kusimama. Watu themanini, pengine mia, huifuata fimbo ya kiongozi mmoja, na kila mmoja ana noti zake mbele yake.

Nchi nyingi zina okestra ya taifa ya vijana. Ya Uingereza iliundwa mwaka 1948. Nchi za jumuiya ya Ulaya ziliunda ya kwao ya pamoja mwaka 1976. Kuingia humo hakuna njia ila mtihani. Kijana huombwa kupiga skeli, yaani ngazi ya sauti kupanda na kushuka, kisha muziki alioutayarisha, kisha vipande vigumu vilivyonyofolewa katika kazi kubwa za okestra. Mara nyingine huwekewa karatasi ya noti ambazo hajapata kuziona, akaambiwa apige papo hapo. Katika ile ya Ulaya, aliyekuwamo mwaka jana hana haki ya kubaki mwaka huu. Sharti atahiniwe upya pamoja na wageni. Na katika okestra nyingi za watu wazima hutundikwa pazia baina ya mpigaji na waamuzi, na hata zulia hutandikwa sakafuni ili mlio wa viatu usimtambulishe mwanamume wala mwanamke. Pazia halijui mtoto wa nani anapiga. Tumepata kujiuliza foleni za namna nyingine zingekuwaje lau zingepata pazia kama hilo. Lakini hayo tuyaache.

Iraki haikuwa na pazia wala zulia. Baada ya majeshi ya Marekani na washirika wake kuingia mwaka 2003, na hasa katika miaka ya 2006 na 2007, watu wa Baghdad walichinjana kwa sababu ya madhehebu. Waliochukia muziki kwa jina la dini walikuwa na bunduki, na wanamuziki walijifunza kutembea na vyombo vyao vikiwa vimefichwa. Ninyi mnaosimama kwenye vizuizi vya barabarani mnajua jinsi sanduku refu jeusi mkononi mwa kijana linavyotia shaka. Kijana wa Baghdad aliyebeba fidla alikuwa na maadui wawili: mpiganaji ambaye angemuua kwa kuwa ni fidla, na mlinzi wa kizuizi ambaye angeweza kumpiga risasi kwa kudhani si fidla. Walimu wengi walikuwa wamekwisha ihama nchi, na wanafunzi wakabaki kujifundisha wenyewe.

Katika hali hiyo, mwaka 2008, msichana wa miaka 17, Zuhal Sultan, mpiga piano katika Okestra ya Taifa ya Iraki, aliazimia kuunda okestra ya vijana wa nchi nzima. Hakuwa na fedha, jengo wala kiongozi. Alichokuwa nacho ni intaneti na uhodari wa kuomba. Tangazo lake likafika katika gazeti la Glasgow Herald la Scotland, na mwezi Oktoba mwaka huo mwongozaji wa okestra aitwaye Paul MacAlindin akalisoma akiwa baa mjini Edinburgh, akila samaki na viazi vya kukaanga. Alijitolea. Zuhal kwa upande wake akamfikia Barham Salih, aliyekuwa wakati ule Naibu Waziri Mkuu, naye akatoa dola 50,000. Bwana huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Iraki kuanzia 2018 mpaka 2022.

Sasa ukabaki usaili, na hapa ndipo ilipo kiini cha habari yetu. Kuwakusanya vijana wa nchi nzima mara mbili, kwanza kwa mtihani na tena kwa kazi, kungekuwa ni kuhatarisha maisha bila ya haja. Mwamuzi naye alikuwa akikaa Cologne, Ujerumani. Basi vijana wakaagizwa wajipige picha za video wakiwa wanapiga vyombo vyao, wazitie katika mtandao wa YouTube, mwamuzi azitazame huko aliko. Kwa mtu wa London jambo hilo ni dogo. Kwa mtu wa Baghdad ya mwaka 2009 lilikuwa na kazi yake: umeme ulikatika mara kwa mara kila siku, na intaneti ilikuwa ya kusuasua.

Yawapasa wasomaji wafikiri kidogo juu ya kazi ya mwamuzi huyo. Picha ya namna ile hupoteza mengi. Uzuri wa sauti haumo, kwa kuwa kinasa sauti kidogo huifanya fidla nzuri na fidla mbovu kufanana. Chombo chenyewe aghalabu ni cha bei nafuu, na fundi wa kukitengeneza hakuna. Lakini yako mambo ambayo mashine mbovu haiwezi kuyaficha. Haifichi mpigo: mtu anayekimbia mahali pepesi na kuchelewa mahali pagumu atajulikana hata kupitia simu. Haifichi kama sikio la mpigaji husikia noti inapopotoka, kwa sababu mwenye sikio huirekebisha upesi, na asiye nalo huendelea kama kwamba hakuna jambo. Haifichi pumzi ya wimbo, yaani kama mpigaji ajua sentensi ya muziki inaanzia wapi na inakwisha wapi. Na hudhihirisha pia jambo ambalo halimo katika noti: nini hutokea usoni mwa kijana baada ya kukosea. Yuko anayesimama na kukata tamaa, na yuko anayeendelea mbele.

Lakini lipo swali gumu zaidi, nalo ndilo linalotufanya tuandike. Kijana mmoja amefundishwa vizuri na amefika mahali fulani. Mwingine hakupata mwalimu hata mmoja, amejifunza kwa kutazama picha za wengine, mkono wake wa upinde umepinda, naye amefika karibu na mahali pale pale. Nani achukuliwe? Mtihani wa kawaida humchukua wa kwanza, na hauna kosa. Katika Iraki hesabu hiyo haikutosha, kwa sababu karibu wote walikuwa watu wa namna ya pili. MacAlindin alilazimika kutafuta, chini ya makosa, bidii ya mtu na kiu yake. Kwa maoni yetu hiyo ni kazi nzito kuliko kuhesabu makosa. Mwenye kuhesabu makosa anaweza kujitetea kwa karatasi yake. Mwenye kuchagua kwa matumaini hana cha kuonyesha mpaka baadaye, naye akikosea, lawama ni yake peke yake.

Waliochaguliwa mara ya kwanza walikuwa 33. Walikutana mwezi Agosti mwaka 2009 katika mji wa Sulaymaniyah, upande wa Wakurdi, kwa kuwa huko kulikuwa na amani zaidi. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Baghdad, na wa vizuizi vingi. Walikuwamo Waarabu na Wakurdi, Waislamu wa Kisuni na wa Kishia, na Wakristo. Tusilipite neno Wakurdi upesi. Mji wa Halabja hauko mbali na Sulaymaniyah, na huko, tarehe 16 Machi 1988, ndege za serikali ya Baghdad zilimwaga gesi ya sumu iliyowaua watu wapatao 5,000. Vijana hao, wengi wao, walizaliwa katika miaka iliyozunguka tukio hilo. Tena, tangu 1991 Wakurdi walikuwa wakijitawala na shule zao zikifundisha kwa Kikurdi, hata vijana wengi wa huko hawakujua Kiarabu. Kiongozi alisema Kiingereza; mkalimani akatafsiri kwa Kiarabu, na mwingine kwa Kikurdi. Amri moja ya “rudieni kutoka mwanzo” ilitamkwa mara tatu kabla ya upinde wa kwanza kugusa uzi.

Iko desturi ya okestra ambayo askari ataielewa mara moja. Wapigaji wa nyuzi huketi wawili wawili, na kila wawili hutumia ubao mmoja wa noti. Ukurasa unapokwisha, mmoja huacha kupiga ili aufunue, na mwenzake huendelea kwa niaba ya wote wawili. Mwarabu na Mkurdi wakaketishwa namna hiyo. Hawakuweza kuzungumza, lakini ilimlazimu kila mmoja kujua mwenzake amefika wapi, kama vile wawili wanaoshika lindo moja usiku. Hatutaki kusema kwamba kwa siku hizo chache chuki ya miaka ilifutika. Hatuamini, na hatudhani wao wenyewe walidhani hivyo. Ukurasa ulifunuliwa kwa wakati wake, na hilo si dogo.

Mwaka uliofuata walikutana Erbil. Mwaka 2011 walikwenda Bonn, mji alikozaliwa Beethoven, wakapiga kazi yake ya fidla na okestra pamoja na mpiga fidla mashuhuri Arabella Steinbacher. Mwaka 2012 wakaenda Uingereza, na 2013 Aix-en-Provence, Ufaransa. Walimu kutoka nje waliwafundisha ana kwa ana katika majuma ya mazoezi, na baina ya majuma hayo masomo yalipita katika intaneti, umeme ulipopatikana.

Safari ya mwaka 2014 ilikuwa iwe ya Marekani. Mwezi Juni mwaka huo wapiganaji wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu waliuteka mji wa Mosul, wakausogelea Erbil, na barabara walizozipita vijana hao zikawa mstari wa mbele wa vita. Safari ya Marekani haikufanyika, na makutano ya kila mwaka yakakoma.