WIMBI LISILOONEKANA NA MVUA YA VISIWANI

Mtu wa visiwani hahitaji kufundishwa wimbi ni nini. Lakini yapo mawimbi mengine, yapitayo angani juu ya vichwa vyetu bila ya kuonekana, nayo mara nyingi ndiyo yaamuayo kama juma lijalo litakuwa la mvua au la jua.

Mwaka 1966 mtaalamu wa Kijapani, Taroh Matsuno, alionyesha kwa hesabu kwamba hewa iliyo karibu na Ikweta hupita katika mawimbi ya namna mbalimbali. Liko liitwalo la Kelvin, liendalo mashariki, na pepo zake huvuma sambamba na Ikweta. Liko la Rossby, liendalo magharibi, likiwa na jozi ya mizunguko ya upepo, mmoja kaskazini na mmoja kusini.

Mawimbi hayo hayaendi matupu. Pale pepo za chini zinapokutana, hewa yenye unyevu hupanda. Mvuke hugeuka maji, na joto lililofichika ndani yake hutoka na kulitia wimbi nguvu. Wimbi nalo hukusanya mawingu mapya. Hutangulia mawingu mafupi, yakafuata marefu yenye radi, kisha mapana yenye manyunyu.

Mkubwa wao ni mfumo uliogunduliwa na Wamarekani Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971. Kwa kawaida mawingu yake huanza katika Bahari ya Hindi, yakaelekea Pasifiki kwa mwendo wa baiskeli, kiasi cha kilomita 18 kwa saa, na hurejea baada ya siku 30 hadi 60.

Hapa pana jambo linalotuhusu. Uchunguzi umeonyesha kwamba mawingu hayo yakitanda juu ya Bahari ya Hindi, mara nyingi mvua huzidi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwambao hupata zamu yake wakati mwingine, mawingu hayo yakiwa yamekwisha pita na upepo wa baharini ukisukuma unyevu kuja pwani. Kwa hiyo habari ya mvua ya bara si lazima iwe habari ya visiwani.

Mkulima wa Pemba aliyeanika karafuu zake uwanjani, na mama aliyetandaza dagaa au mwani, huhitaji siku kadha za jua mfululizo. Mvua ya ghafla huweza kuharibu jasho la msimu mzima. Onyo la majuma mawili, hata lisipokuwa la hakika kamili, lina thamani kwao.

Hapana budi, basi, wahusika Serikalini wahakikishe kwamba utabiri wa namna hiyo unawafikia wananchi kwa redio, kwa lugha nyepesi, na kwa kila kisiwa peke yake. Tena vituo vya kupimia mvua visiachwe vikaota majani. Ikumbukwe kwamba Madden na Julian waliliona jambo lao kwanza katika vipimo vya kila siku vya kisiwa kidogo cha Canton, katikati ya Pasifiki. Waliokuwa wakirusha maputo pale hawakujua kwamba daftari zao zingeifunza dunia nzima.

Kipimo cha kisiwa kidogo si kipimo kidogo. Aliyekabidhiwa kazi hiyo na aifanye kila siku, na aliye juu yake asimnyime vifaa.