Ndege nao huhisi baridi

Je, msomaji, umewahi kuamka Elburgon asubuhi ya mwezi wa Julai? Ukungu umefunika mapaa, nyasi zimelowa chapa na maji ya kunawa uso yanauma vidole. Wewe unayo sweta na kikombe cha chai ya moto. Lakini yule ndege mdogo kwenye ua, mwenye uzito wa gramu 10 hivi, amelalaje?

Mwili mdogo hupoteza joto upesi. Usiku kucha ndege huyo hututumua manyoya yake ili kuzuia joto lisitoroke, na huchoma mafuta aliyoweka mchana. Kukipambazuka hana akiba tena, naye sharti ale mapema. Pasa, yule mwenye kishungi na mkia mrefu kama wa panya, hulala na wenzake wamesongamana kama kichala cha ndizi. Jua likichomoza, huning'inia na kuliotesha tumbo.

Huko Uingereza, baridi kali ya mwaka wa 1890 hadi 1891 iliwafanya watu wengi waanze kuwawekea ndege chakula. Kwetu hakuna theluji, na ndege wa Elburgon hawatakufa kwa kukosa meza yako. Hata hivyo, asubuhi za mvua na ukungu wadudu huwa hawaruki, na punje chache huwa msaada mkubwa. Nawe utajifunza mengi ukiwa umeketi dirishani.

Funzo la hua wawili

Mimi nilianza vibaya. Nilipokwenda kumtembelea mama mwaka mmoja wakati wa baridi, nilipigilia ubao juu ya mti nyuma ya jikoni. Ghalani palikuwa na gunia la mahindi lililokuwa limekaa juu ya sakafu ya simiti. Chini yalikuwa yameshika unyevu na kuota kuvu. Nikasema moyoni, haya hayamfai binadamu, basi na tuwape ndege.

Siku ya nne niliwakuta hua wawili wamekufa chini ya ubao. Mama aliwatazama, kisha akanitazama mimi.

"Umewapa nini?"

Nilipomwonyesha gunia, alinyamaza kidogo. Yale ya juu ya gunia hilo hilo alikuwa ameyatenga ili yapelekwe kwenye posho mili kesho yake, yawe unga wa ugali wa wajukuu.

"Kumbe ndege wametuonjea," akasema.

Siwezi kuapa kwamba kuvu ndiyo iliyowaua, kwa maana hakuna aliyewapima. Lakini gunia lote lilichomwa, ingawa lilikuwa limegharimu pesa. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka wa 2004, Wakenya 125 walifariki katika sehemu za Ukambani baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutoka kwa kuvu, wala haiishi kwa kuchemshwa. Basi shika kanuni hii: usichoweza kumpa mtoto wako kwa sababu kimeoza, usimpe ndege.

Uwape nini?

Mtama, wimbi na chenga za mahindi makavu huwafaa shorewanda, chiriku na hua. Pasa na shore hupenda tunda bivu: kipande cha papai au ndizi. Mkate huwajaza tumbo bila kuwapa nguvu, na masazo ya githeri yenye chumvi huwadhuru. Usisahau maji katika sahani isiyo na kina, ukiweka jiwe katikati ili wadogo wapate pa kusimama.

Weka meza juu, mbali na kichaka ambamo paka hujificha. Iwe mbali pia na banda la kuku, kwa sababu ndege wa porini na kuku wanaweza kuambukizana maradhi, mathalani kideri. Weka chakula cha kutosha siku moja tu, la sivyo utakuwa unafuga panya. Osha meza kila wiki na uiache ikauke. Hili si jambo dogo. Tangu mwaka wa 2005, aina moja ya chiriku wa kijani huko Uingereza imepungua kwa zaidi ya nusu kutokana na maradhi yanayoenezwa ndege wanapokula na kunywa pahali pamoja.

Pengine jirani atakuuliza, "Watu wana njaa, nawe unalisha ndege?" Swali hilo ni la haki, hasa katika mji wa mbao kama Elburgon, ambao ulionja shida mwaka wa 2018 ukataji wa miti ulipopigwa marufuku katika misitu ya serikali. Mjibu kwamba kiganja kimoja cha wimbi kinatosha. Anayetaka kutotumia hata senti na apande mshubiri, ambao maua yake huwanywesha chozi asali, au mkuyu, ambao matunda yake hulisha ndege wa kila namna.

Tena wapo ndege ambao meza haiwasaidii kamwe. Macronyx sharpei, ndege wa kifua cha manjano anayepatikana Kenya pekee, huishi katika nyasi za nyanda za juu, zikiwemo zile za upande wa Molo. Yeye hahitaji punje zako; anahitaji nyasi zisilimwe zote.

Wewe mwanafunzi, weka manati chini ushike daftari. Andika ni ndege gani amekuja, saa ngapi, na amekula nini. Huko Nairobi, matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka wa 1971, na wengi walijifunzia hapo.

Mama angali na ubao ule nyuma ya jikoni. Ila siku hizi, kabla ya kuwatupia ndege punje, yeye huzinusa kwanza. Na gunia la mahindi limeinuliwa juu ya mbao.