Pasi Ibaki Nyumbani

Nawasikia wasafiri wa meli za kitalii wakinung'unika kwamba kampuni nyingi huwakataza kutumia pasi vyumbani. Mimi naona katazo hilo ni la haki: moto ukizuka katikati ya bahari, abiria hana pa kukimbilia.

Isitoshe, pasi si lazima. Walimu wa sayansi wanajua kwamba nyuzi za pamba hulegea zipatapo unyevu na joto, kisha hushika umbo jipya zinapokauka. Basi liviringishe shati sandukuni badala ya kulikunja. Ukifika, litundike bafuni unapooga maji moto, ulinyooshe kwa viganja, uliache likauke. Suti ya sufu yatosha kutundikwa usiku kucha.

Wanafunzi wangu, heri shati lenye mkunjo kuliko meli yenye moshi.