Djugu ndani ya vitabu: Wasomaji wake wanasemaje?

Mtu wa Djugu akipata kitabu kilichoandikwa kuhusu Djugu, haanzi na ukurasa wa kwanza. Kwanza anakitafuta kijiji chake. Kama kitabu ni cha karatasi, anakwenda nyuma kwenye faharasa. Kama kiko ndani ya simu, anaandika jina la kijiji na kusubiri. Likitokea, anaisoma aya hiyo mara mbili, tatu, kisha anauliza: huyu aliyeandika alikuwa upande wa nani?

Nimeliona jambo hilo mara kwa mara katika mazungumzo yangu na wasomaji mjini Bunia, wengi wao wakiwa watu waliokimbia Djugu, moja ya wilaya tano za jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Niliwauliza swali moja tu: katika vitabu vya mambo ya kweli mlivyosoma kuhusu nchi yenu, kipi kimewasaidia na kipi kimewaudhi?

Majina yao siyaandiki. Huku kwetu, mara nyingi jina peke yake linatosha kumwambia mtu kama wewe ni Mhema au Mlendu, na kuna wasomaji ambao wangeyapima maoni kwa jina kabla ya kuyasikia.

Ni vyema kukumbuka kwa nini jambo hili ni zito. Vita vya Ituri vilianza Juni 1999 huko huko Djugu, kwa mgogoro wa mashamba katika eneo la Walendu-Pitsi. Hadi mwaka 2003, zaidi ya watu 50,000 walikadiriwa kuwa wamekufa. Ikafuata miaka ya utulivu, kisha Desemba 2017 mauaji yakarudi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Januari 2020 ilihesabu watu wasiopungua 701 waliouawa katika wilaya za Djugu na Mahagi hadi Septemba 2019. Tangu Mei 2021 jimbo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, lakini hilo halikuzuia shambulio la Februari 2022 kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, ambako watu wapatao 60 waliuawa.

Kwa msomaji wa hapa, basi, kitabu cha historia ni kama ushahidi mahakamani. Kuna kitu anataka kithibitishwe.

Wageni waliopita

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha historia kwa zaidi ya miaka 30, alianza na kitabu cha zamani kuliko vyote: "In Darkest Africa" cha Henry Morton Stanley, kilichotoka mwaka 1890. Stanley alikata msitu wa Ituri mwaka 1887 akimtafuta Emin Pasha, akafika Ziwa Albert Desemba mwaka huo.

Kwa mwalimu huyo, kitabu hicho kina faida kama kikisomwa kwa uangalifu. Kinataja machifu, vyakula, mashamba na vita vya wakati ambao babu zetu hawakuacha maandishi. Lakini mwandishi anasimulia kuchomwa kwa vijiji kana kwamba ni sehemu ya kawaida ya safari. Mwalimu anasema aliwahi kuwapa wanafunzi kazi ya kuisimulia safari hiyo upya, wakiwa wao ndio wenye vile vijiji. Anasema hakuna somo lililowahi kuwachangamsha kama lile.

Kitabu cha pili kilichozua mjadala ni "Alur Society" cha mwanaanthropolojia Aidan Southall, cha mwaka 1956. Southall alieleza jinsi machifu wa Kialur walivyoenea na kutawala makabila jirani, wakiwemo Walendu, wakati mwingine kwa kualikwa ili wawe wasuluhishi. Kwa mwalimu, hiki ni kitabu cha maana ambacho ni rahisi kukitumia vibaya. Kuna anayekifungua akaona neno "kualikwa" tu, na kuna anayeona neno "kutawala" tu. Kila mmoja anafunga kitabu akiwa na kile alichokuja kukitafuta.

Mwanafunzi wa sheria aliyekuwa naye alipendelea "The Forest People" cha Colin Turnbull, cha mwaka 1961, kuhusu Wambuti wa Epulu, wilayani Mambasa. Alikipenda kwa sababu ndicho kitabu pekee kuhusu Ituri alichokisoma bila kukutana na bunduki. Hata hivyo aliona kasoro: watu wa msituni wanaonekana wema kupita kiasi, na wanavijiji wanaonekana wabaya kupita kiasi. Wanaanthropolojia wengine nao wamemkosoa Turnbull kwa kuyapamba mno maisha ya msituni.

Vijitabu viwili, mwandishi mmoja

Mwaka 2013 Taasisi ya Rift Valley ilichapisha vijitabu kadhaa kuhusu makundi yenye silaha ya mashariki mwa Congo. Viwili vya mtafiti Henning Tamm vinaihusu Ituri moja kwa moja. Kimoja kinahusu UPC, kundi lililoongozwa na Wahema. Kingine kinahusu FNI na FRPI, makundi ya Walendu na Wangiti.

Hapo ndipo niliposhuhudia jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amesoma kile cha upande mwingine tu, ili ajue makosa yao. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, ambaye ni wa upande huo mwingine, naye alikuwa amesoma kile cha upande wa mwalimu tu, kwa sababu hiyo hiyo. Walipogundua, walicheka, wakabadilishana.

Baada ya wiki moja walikuwa na maoni mapya. Mama alikiri kwamba baadhi ya mambo aliyokuwa akiyaita uongo wa maadui yameandikwa kwa tarehe na mahali. Mwalimu naye alikiri hivyo hivyo. Wote wawili walikubaliana na hoja inayopita katika vijitabu vyote viwili, kwamba silaha na ushirika kutoka Uganda, Rwanda na Kinshasa viliugeuza ugomvi wa majirani kuwa vita vikubwa.

Lakini mama hakuridhika na hoja hiyo peke yake. Alisema mgeni alileta bunduki, ni kweli, ila njia ya kwenda nyumbani kwa jirani alionyeshwa na mtu wa hapa.

Hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai nazo husomwa hivyo hivyo. Mwaka 2012 Thomas Lubanga wa UPC alihukumiwa kifungo cha miaka 14, na mwaka huo huo Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kwa shambulio la kijiji cha Bogoro, aliachiwa huru. Kurasa ni zile zile, ila wapo wanaosoma uonevu na wapo wanaosoma haki.

Kitabu kilichofika hadi Uswisi

Mchimbaji wa zamani wa dhahabu kutoka Mongbwalu hasomi Kifaransa wala Kiingereza. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2005, "The Curse of Gold", alisomewa na mpwa wake kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni.

Dhahabu ya Kilo, wilayani Djugu, imechimbwa tangu mwaka 1905. Ripoti hiyo inaeleza jinsi Mongbwalu ilivyobadilishwa mikono mara tano kati ya mwaka 2002 na 2004 na makundi yaliyokuwa yakiigombania. Kampuni ya AngloGold Ashanti ilikiri kwamba wafanyakazi wake waliwalipa FNI dola 8,000 Januari 2005, ikisema walilazimishwa. Na kabla ripoti haijatoka, kampuni ya Metalor ya Uswisi, inayosafisha dhahabu, ilitangaza kusitisha ununuzi wa dhahabu kutoka Uganda.

Kwa mzee huyo, hicho ndicho kitabu pekee anachokijua kilichomfanya mtu wa mbali abadilishe jambo. Hata hivyo ana lawama. Ndani yake mchimbaji anaonekana akiwa ameuawa, amepigwa au amelazimishwa, na hayo yote yalitokea. Lakini haelezwi kama fundi: anavyosoma mwamba, anavyogawana mifuko ya mchanga na wenzake, anavyoshuka shimoni asubuhi bila kujua kama atapanda. Anatamani kitabu kitakachoeleza kazi yenyewe. Isitoshe, anasema, dhahabu bado inavuka mpaka.

Ugomvi wa ardhi au vita vya wakubwa?

Vitabu vikubwa kuhusu Congo nzima vilipokewa kwa heshima, lakini kwa ubaridi kidogo. "King Leopold's Ghost" cha Adam Hochschild, cha mwaka 1998, kiliwasikitisha wote, ila habari zake nyingi ni za mpira na pembe za upande wa Mto Congo. "Congo" cha David Van Reybrouck, kilichopata tuzo ya Médicis nchini Ufaransa mwaka 2012, kilisifiwa kwa sababu mwandishi aliketi na wazee wa kawaida na kuwaacha waseme.

Kilicholeta ubishi mkali ni "The Trouble with the Congo" cha Séverine Autesserre, cha mwaka 2010. Hoja yake ni kwamba wapatanishi wa kimataifa walishughulika na marais na majenerali, wakaipuuza migogoro ya vijijini ya ardhi na madaraka.

Mwanafunzi wa sheria alishangilia. Alisema hatimaye kuna mtu aliyeandika kile ambacho kila mkulima wa Djugu anakijua. Akataja sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ambayo wenye elimu na pesa waliitumia kujipatia hati za mashamba ambayo watu walikuwa bado wanaishi ndani yake.

Mwalimu alipinga. Anaogopa kwamba msomaji wa Ulaya akiambiwa vita ni vya ardhi ya kijijini, ataona Waafrika wanaopigana kwa sababu ya malisho ya ng'ombe, na waliogawa silaha watasahaulika. Walibishana hadi chai ikapoa. Hakuna aliyeshinda, na sidhani kama palihitajika mshindi.

Daftari

Katika vitabu vyote nilivyotajiwa, sikukutana na hata kimoja kwa Kiswahili. Hilo lilimuuma kila msomaji, wa pande zote. Wahema wa Djugu, wale wanaoitwa Wagegere, nyumbani wanazungumza Kilendu, lugha ile ile ya jirani wanayegombana naye. Sokoni wote wanazungumza Kiswahili. Habari zao, hata hivyo, ziko katika lugha za mbali, na anayezijua lugha hizo ndiye anayeamua sehemu gani awasimulie wengine. Mama wa vitenge alipendekeza vitabu hivyo visomwe redioni kwa Kiswahili, sura baada ya sura, visomwe vyote, kisha watu wapige simu.

Mwanafunzi ndiye aliyenionyesha kilichobaki. Katika ripoti moja ya vita alikikuta kijiji chao, na mbele yake idadi ya waliouawa. Idadi hiyo ni ndogo kuliko makaburi ambayo ndugu zake waliyachimba. Hakuikasirikia ripoti. Alisema walau kuna ukurasa. Alinunua daftari la shule, akaanza kuandika majina ya waliokufa, mmoja mmoja, pamoja na majina ya wazazi wao.

Mwalimu alipoliona alimuuliza kwa nini ni majina ya upande mmoja. Kijana alijibu kwamba ya upande mwingine hayajui. Tangu siku hiyo anaandika upande wa kulia tu wa daftari, na kurasa za kushoto ameziacha wazi.

Nilipoagana nao, mama wa vitenge alikuwa ameliomba daftari akae nalo siku mbili. Lilirudi likiwa na majina manne upande wa kushoto.