Mwenyekiti, Mkurugenzi, Katibu: Nani Hasa Mwenye Kauli?

Barua nyingi za malalamiko huandikwa vizuri na kupelekwa kusiko. Mwananchi anataka mhudumu wa zahanati ya kijijini kwao ahamishwe kituo. Anamwandikia mwenyekiti wa halmashauri, kwa kuwa huyo ndiye aliyemwona jukwaani na ndiye anayeitwa Mheshimiwa. Lakini mwenyekiti ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake aongoze vikao vyao. Watumishi wako chini ya mkurugenzi mtendaji, mteule wa Rais, ambaye huenda mwananchi huyo hajapata kumwona hata kwa sura.

Kosa linaanzia kwenye imani kwamba vyeo vyote vimepangwa kwenye ngazi moja, na kwamba anayepigiwa saluti ndiye anayeamua. Ndiyo maana wengi huamini kwamba Mkuu wa Wilaya ndiye anayeendesha halmashauri, na mkurugenzi ni msaidizi wake. Tazama Arumeru. Mkuu wa Wilaya ni mmoja, halmashauri ni mbili, ya Arusha na ya Meru, na kila moja ina mkurugenzi wake, bajeti yake na baraza lake la madiwani. Mkuu wa Wilaya anaiwakilisha Serikali Kuu. Ana nguvu, tena kubwa, hasa kwenye ulinzi na usalama, lakini hati ya malipo ya madawati haisubiri saini yake.

Hata barua inayotoka kwa mkurugenzi inataka kusomwa hadi chini. Juu ya cheo, pale kwenye saini, mara nyingi pameandikwa “Kny.”, yaani kwa niaba ya. Aliyetia saini ni ofisa wa chini yake. Nimewasikia watu, ambao mkurugenzi humwita Dedi, wakisema kwa uhakika kabisa kwamba “Dedi mwenyewe kanijibu”, na jina lililo kwenye barua ni la mtu mwingine.

Nilipanga sura hii ianzie kijijini na kupanda hadi wizarani. Kijijini hapana ugumu: mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji, mtendaji huajiriwa na halmashauri. Wa kwanza anaongoza mkutano, wa pili anashika mafaili na mhuri wa ofisi. Kabla ya kufika wizarani, hata hivyo, lazima tupite chuo kikuu, kwa sababu hakuna cheo kinachowapotosha Watanzania kama Makamu Mkuu wa Chuo.

Sikio la Mswahili likisikia “makamu” linamfikiria msaidizi: makamu wa rais, makamu mwenyekiti. Basi mzazi akitaka kumfikia mwenye kauli anamuulizia Mkuu wa Chuo, na mwandishi wa habari akijibiwa na makamu anaandika kwamba mkuu hakupatikana. Ukweli ni kinyume. Mkuu wa Chuo Kikuu ni cheo cha heshima. Kazi yake kubwa ni kuongoza mahafali na kutunuku shahada. Anayeendesha chuo siku hadi siku, anayesimamia walimu, fedha na taaluma, ni Makamu Mkuu, akiwajibika kwa Baraza la Chuo. Mpango huu tumeurithi kutoka Uingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rais Nyerere mwenyewe, na hakuna mtu mwenye akili aliyetarajia Nyerere ashinde chuoni Mlimani akipanga ratiba za mitihani. Kazi hiyo ilikuwa ya Pius Msekwa, Makamu Mkuu wa kwanza.

Magazeti huzidisha mkanganyiko kwa kuandika “Makamu wa Mkuu wa Chuo”. Hiyo “wa” ya ziada si kitu kidogo. Inamfanya msaidizi wa mtu fulani, ilhali yeye ni Makamu Mkuu, na walio chini yake ndio Naibu Makamu Mkuu. Kenya wanasema Naibu Chansela, wakimaanisha mtu yuleyule mwenye funguo, na msomaji wa Nairobi anapotea njia ileile. Ongeza na hili: kwenye chuo cha ualimu au cha uuguzi, Mkuu wa Chuo ndiye bosi wa kweli, yupo ofisini kila asubuhi. Kwa hiyo usiulize cheo kinaitwaje tu. Uliza ni cha taasisi gani.

Wizarani, kwa ufupi, waziri ni mwanasiasa na Katibu Mkuu ndiye afisa masuuli, anayejibu mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali fedha zikipotea. Anayemdhani kuwa mwandishi wa barua za waziri anamchanganya na katibu muhtasi.

Mtaani maneno ni mengine: bosi, mkubwa, mzee. Hayo hayamdhuru mtu, yanaonyesha heshima au woga tu. “Kigogo” lina shughuli yake maalumu. Gazeti hulitoa mtu anaposimamishwa kazi au kufikishwa mahakamani. Akipewa tuzo anarudishiwa cheo chake kamili.

Kinachonikera kweli ni mtindo wa sasa wa kila mwenye kibanda kujiita Mkurugenzi Mtendaji. Wahamasishaji wa mafanikio wanawalipisha vijana kiingilio na kuwaambia wajitamkie cheo kila alfajiri, nacho kitawafuata. Huo ni uganga uliovaa suti. Ukurugenzi wa kampuni unatokana na sheria: kuna kampuni iliyosajiliwa, kuna bodi ya wakurugenzi, na wajumbe wa bodi hiyo wengi si hata waajiriwa wa kampuni. Aliyesajili jina la biashara peke yake kwa wakala wa usajili, BRELA, hana bodi, wala madeni ya biashara hayatenganishwi na yake. Huyo ni mmiliki. Kijana, kama duka ni lako, andika Mmiliki kwenye kadi yako, ili mteja, benki na ofisa wa kodi wajue moja kwa moja kwamba anayewajibika ni wewe.