Betri za Lori Katika Nchi ya Joto na Maji ya Chumvi

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa iliyo ndani ya silinda hubanwa mara 16 hadi 20 mpaka ikapata moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Kuizungusha injini huku hewa ikibanwa kiasi hicho ni kazi nzito, na inafanywa na stata inayovuta mamia ya ampea kutoka kwenye betri kwa sekunde chache. Ndiyo maana malori mengi yanayopita Barabara ya Mombasa katika Sultan Hamud, Emali, Makindu na Mtito Andei, pamoja na yanayobeba mchanga, maembe na pojo katika barabara za ndani za Kitui na Makueni, hutumia volti 24 badala ya volti 12 za gari dogo. Volti hizo hutoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Betri nyingi za lori huandikwa N120, N150 au N200, na tarakimu hizo huonyesha uwezo wake kwa ampea-saa.

Ndani ya kila betri mna seli 6. Kila seli ina mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi yaliyozama katika mchanganyiko wa asidi ya salfa na maji, na hutoa zaidi kidogo ya volti 2. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyebuni betri ya namna hii mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Betri inapotoa umeme, salfa ya asidi huingia kwenye mabamba na kuyageuza kuwa salfeti ya risasi, na kinachobaki kwenye seli huzidi kuwa maji. Inapochajiwa, salfeti huvunjika na asidi hurudi mahali pake. Kwa hiyo betri iliyojaa ina asidi nzito, na iliyokwisha ina asidi nyepesi. Betri ikikaa wiki kadhaa bila chaji, salfeti hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuzivunja.

Kinachoua betri katika kaunti hizi mbili ni joto kuliko kitu kingine chochote. Februari na Machi, kabla ya mvua, mchana wa Makindu, Kibwezi na Mutomo huvuka nyuzi 30 za Selsiasi, na sanduku la betri lililo karibu na injini huwa na joto zaidi ya hapo. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa betri, kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya mabamba kulika huongezeka karibu maradufu. Madereva wengi huilaumu baridi kwa sababu betri hugoma asubuhi, hasa Julai. Lakini baridi ya asubuhi hufichua tu hasara iliyotokea katika jua la miezi iliyotangulia.

Joto hukausha maji pia, na hapo ndipo kosa la pili huingia. Kinachopungua kwenye betri ni maji peke yake, asidi haikauki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye chupa kwa jina la maji ya betri. Kusini mwa Kitui na sehemu za Kibwezi visima vingi virefu hutoa maji ya chumvi, ambayo hata kunywa ni taabu. Klorini iliyo katika chumvi hiyo hula mabamba ya risasi, na madini ya chuma hufanya seli ijimalize yenyewe hata gari likiwa limezimwa. Maji ya mto na ya mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui inasifika kwayo, yanamfaa binadamu na ng'ombe, lakini si betri. Chupa ya maji ya betri ndani ya kabini ni rahisi mno ikilinganishwa na bei ya betri mbili mpya.

Maji hutiwa mpaka yafunike mabamba kwa takriban milimita 10 hadi 15, au yafike kwenye mstari wa juu uliochorwa ubavuni. Huongezwa baada ya kuchaji, kwa kuwa chaji huyapandisha. Betri iliyojazwa pomoni kabla ya kuchajiwa hutapika asidi. Isipokuwa mabamba yakionekana makavu: hapo yafunikwe kidogo kwanza ndipo chaja iwashwe. Kuna mazoea ya kumwaga asidi ya zamani na kutia mpya ili kuifufua betri. Hayafai. Asidi mpya huipandisha haidromita, kifaa kinachopima uzito wa asidi, hata kama mabamba yamekwisha, na mwenye lori hurudi barabarani akiamini kipimo cha uongo.

Mtikisiko wa barabara za changarawe hufanya madhara ya kimyakimya. Betri isiyofungwa kwa chuma chake hurukaruka, unga wa mabamba hudondoka na kujikusanya chini ya seli, na siku moja hugusanisha mabamba mawili. Kuna malori yanayoonekana betri zake zikiwa zimefungwa kwa vipande vya tyubu. Raba hulegea kwa joto, na baada ya muda haizuii lolote. Vumbi nalo, likichanganyika na mvuke wa asidi, hutandaza utando unaopitisha umeme juu ya betri. Jambo hili huonekana kwa mita: waya mwekundu ukiwekwa kwenye kichwa chanya na mweusi ukiburutwa juu ya plastiki chafu, mita huonyesha volti mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Dawa yake ni maji yaliyochanganywa na soda ya kuokea, kwa kitambaa, vifuniko vikiwa vimekazwa ili mchanganyiko usiingie ndani. Vichwa husuguliwa kwa brashi mpaka risasi ing'ae, kebo hukazwa, kisha grisi hupakwa juu.

Upimaji huanza na macho: kasha lililovimba, ufa, unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa, kebo iliyochomwa na joto. Kisha huja mita ya volti. Betri iliyotoka barabarani hudanganya, kwa kuwa chaji ya juujuu hupandisha kipimo, hivyo ni vyema ipumzike saa kadhaa, au taa kubwa ziwashwe dakika mbili, zizimwe, na mita isubiri kidogo. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Kwenye 12.4 ina takriban robo tatu ya chaji, kwenye 12.2 nusu, na kwenye 12.0 imebaki na robo. Inayokwama karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa ina seli moja iliyokufa.

Betri za lori hazina budi kupimwa moja moja. Mita ikisoma 24.6 kwa zote mbili, wengi huridhika. Kumbe moja inaweza kuwa na 12.7 na mwenziwe 11.9. Tofauti ya namna hiyo mara nyingi ina chanzo kimoja: redio au chaja ya simu ya volti 12 iliyounganishwa kwenye betri moja tu. Betri hiyo hutoa umeme peke yake, lakini altaneta huchaji zote mbili kwa pamoja, hivyo ile iliyonyonywa haijai kamwe, na nyingine huchajiwa kupita kiasi. Suluhisho ni kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12. Kwa sababu hiyohiyo, kubadilisha betri moja na kuacha kuukuu upande wa pili ni akiba ya muda mfupi. Kuukuu huivuta mpya, na kabla ya mwaka kwisha zote mbili huenda zikahitaji kubadilishwa. Zinunuliwe pamoja, za aina moja na uwezo mmoja.

Kwa betri zenye vifuniko vya kufungua, hakuna kipimo kinachosema zaidi ya haidromita. Asidi hufyonzwa kutoka seli moja baada ya nyingine, na kipimo kinachoelea ndani ya kifaa husomwa kikiwa kwenye usawa wa macho. Seli iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, iliyokwisha kabisa hushuka hadi karibu 1.120. Betri nyingine zinazotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto hutiwa asidi nyepesi, karibu 1.240, kwa hiyo maelezo ya mtengenezaji husomwa kwanza. Joto nalo huhesabiwa: kwa kila nyuzi 10 juu ya zile 25 au 27 zilizotumika kupimia kifaa, huongezwa takriban 0.007. Hata hivyo, muhimu kuliko tarakimu yenyewe ni ulingano. Seli tano zikisoma 1.260 na ya sita 1.140, betri hiyo haina matumaini, hata kama volti zake bado zinapendeza. Tofauti ya 0.050 kati ya seli na seli inatosha kutoa hukumu. Betri zilizofungwa kabisa hazipimiki hivi, na kijicho cha kijani kilicho juu ya baadhi yake huona seli moja tu kati ya sita.

Betri inaweza kuwa na chaji na isiwe na nguvu, na hilo hujulikana kwa kuibebesha mzigo. Kifaa cha mafundi huvuta nusu ya ampea za kuwashia katika baridi zilizoandikwa kwenye betri, kwa sekunde 15. Volti zisishuke chini ya 9.6. Pasipo kifaa, stata yenyewe ni mzigo wa kutosha. Katika malori ya zamani yenye kebo ya kuzimia, kebo huvutwa ili injini isiwake, stata hupigwa kwa sekunde chache, na kila betri husomwa wakati huo. Ikiporomoka moja huku mwenziwe ikisimama imara, mkosaji amepatikana. Zikisimama zote mbili na injini bado inazunguka kwa uvivu, basi shida haiko kwenye betri. Mita huhamishiwa kwenye kebo: ncha moja kwenye kichwa hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, stata ikipigwa. Ikizidi karibu nusu volti, umeme unapotelea kwenye kebo iliyooza au boliti iliyoshika kutu. Betri nzuri nyingi huuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya boliti kama hiyo.

Baadaye huja zamu ya altaneta. Injini ikinguruma kwa mwendo wa kati, betri mbili kwa pamoja zisome kati ya volti 27.5 na 28.8. Chini ya 27 hazichajiwi vya kutosha. Juu ya 29 zinachemshwa, na maji yatahitaji kuongezwa kila mara. Mtindo wa kuchomoa kebo ya betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama altaneta inafanya kazi uachwe kabisa. Volti huruka ghafla na kuunguza daiodi za altaneta, na katika malori mapya yenye kompyuta ya injini hasara huwa kubwa zaidi.

Lori la maembe likisimama msimu unapokwisha, betri zake hujimaliza polepole, na joto huharakisha. Huchomolewa hasi na kuchajiwa angalau kila mwezi, kwa moja ya kumi ya uwezo: betri ya N150 kwa ampea 15. Kuziweka kwenye sakafu ya simenti hakuzidhuru. Imani hiyo ni ya enzi za makasha yaliyovuja umeme. Wanaozihamishia nyumbani kuwashia taa za sola wajue kwamba mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kwa mshtuko mfupi wa stata, na hayavumilii kunyonywa usiku kucha.

Usalama hauhitaji maneno mengi, ila unahitaji kuzingatiwa. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, hivyo sigara na cheche zikae mbali. Hasi hutangulia kufunguliwa na huwa ya mwisho kufungwa, ili spana ikigusa chasisi isitokee shoti. Lori la volti 24 huazimwa umeme na lori la volti 24. Gari dogo halifai. Waya wa mwisho wa kuazima hushikizwa kwenye chasisi ya lori lililokwama, mbali na betri. Asidi ikiingia jichoni, maji safi humiminwa kwa dakika 15 bila kukoma, kisha hospitali.

Betri iliyokufa bado imejaa risasi na asidi, na watoto ndio wanaodhuriwa zaidi na risasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya wakazi kupatikana na risasi mwilini. Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni ya kukipinga kiwanda hicho, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo betri ya zamani isipasuliwe uani wala asidi yake isimwagwe kwenye mchanga wa mto ambamo watu huchota maji. Irudishwe dukani siku ya kununua mpya. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei.